Meno ya Upande wa Pili

Kakamega mvua haibishi hodi. Saa tisa
jua bado limekalia mabati ya karakana,
saa kumi kasoro mtu anatafuta ndoo.
Ndiyo maana sikushangaa Bi Khavugwi kuja asubuhi,
Morisi ya mwaka hamsini na nane ikikohoa
nyuma ya mkokoteni wa miwa.

"Waipa zinaimba," alisema, "lakini hazipangusi."

Nikashukuru. Wengi huja na neno moja: imeharibika.
Yeye alikuwa amenifanyia nusu ya kazi.
Kinachoimba kina stima. Fyuzi iache,
swichi iache, waya wa ardhi uache,
usimchimbie kaburi aliye mzima.

Kwanza ujue ni waipa za nani.
Mkono mmoja tu, wa dereva, wa Datsun huu,
ncha imekunjwa kwa playa mpaka ikakubali.
Raba: inchi kumi, kwa rula ya shule ya binti yangu.
Dukani watakupa kumi na nne, ya Probox;
ukate kwa msumeno na uombe radhi.
Kioo: upande wa dereva umechorwa upinde,
mkwaruzo mwembamba kama mwezi wa siku mbili.
Upande wa abiria, laini. Haujaguswa.
Hilo niliona, nikalipita.

Nikafungua boneti. Mota ya Lukasi,
jina ambalo sisi watu wa stima hulitaja polepole.
Ndani ya bomba kuna waya uliosokotwa kama skrubu ndefu,
unakwenda, unarudi,
ukiuma meno ya kigurudumu chini ya mkono.
Grisi ilikuwa imekauka, ngumu kama sukari guru.
Nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikajaribu.
Mota ikaimba. Waya ukaenda, ukarudi.
Mkono ukashtuka kama mtu aliyeitwa usingizini,
kisha ukalala tena.

Meno yamelika.
Nikaenda upande wa abiria kumtazama mwenzake.
Hakuna mwenzake. Shimo,
na kipande cha leso ya maua ya samawati
kimesokotwa vizuri, mvua isiingie.

"Leso yangu," alisema.
"Mwaka themanini na nne chake kiliisha meno,
akahamisha changu. Dereva ndiye anayehitaji kuona.
Hakusema uongo, Mwalimu.
Tukitoka Shinyalu kwenye mvua mimi naona maji tu,
yeye ananisimulia: hapa daraja, hapa ng'ombe wa mtu.
Siku akinuna, hanisimulii.
Siku moja nilikipaka kioo changu kiazi kibichi.
Kilinisaidia mpaka Khayega."

Nilikuwa na kigurudumu kiganjani,
nakigeuza kwenye mwanga wa mlango.
Miaka kumi na tisa kazini, na jambo hili nalijua,
ila kulijua na kuliona ni mawili.
Mkono wa waipa hauzunguki, unapunga tu.
Meno yanayochoka ni ya upande mmoja.
Upande wa pili yamesimama makali
kama siku yalipochongwa,
yamelala kwenye grisi miaka yote, hayajaitwa.

Unatoa. Unageuza nusu. Unarudisha.
Hakuna duka, hakuna shilingi.

Akatazama kwa muda.
"Kwa hiyo hata kile chake cha kwanza..."
Sikujibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni
na nilishukuru kuwa nayo.

Cha abiria sikuwa nacho. Nikamwambia ajaribu Kisumu,
Kibuye, Jumapili, kwa wauza vyuma.
"Hakuna haraka. Huko sasa hakai mtu."
Akaichomoa ile leso, akaikung'uta,
akairudisha shimoni, akaikaza kwa kidole.

Aliondoka tone la kwanza likipiga bati,
kiti amekivuta mbele, kidevu karibu na usukani,
raba ya Probox ikipiga chafya kila ifikapo pembeni.
Kwenye kona ya posta hakupunguza mwendo.
Nikaingia ndani kutafuta ndoo.