Dakika Tisa za Andromeda

Blaenau Ffestiniog, mji wa mawe ya kuezekea.
Mvua hapa ni mpangaji asiyelipa kodi:
haitoki, na ukiigongea mlango inaongeza sauti.
Lenzi niliinunua mwezi Machi, kuukuu, ya mtu aliyehamia Hispania.
Mpaka Oktoba ilikuwa imeona mapazia yangu
na paka wa Idwal.

Jumanne, saa nne na robo usiku,
nabandua chingamu kwenye viti vya basi la shule,
nikainua kichwa.
Anga lilikuwa limeachia mshono
juu ya vilima vya mawe waliyoyakataa wachimbaji.

Nikatupa kitambaa.
Miguu mitatu ya stendi kwenye changarawe,
mmoja mfupi, nikautilia kigae.
Glovu moja. Ya pili, Mungu anajua.
Nikaifuata ile W ya nyota, nikashuka kidogo,
nikakisia.

Stendi yangu haina mota.
Dunia inazunguka na mizigo yake, haimngoji mpiga picha;
ukiacha kamera wazi sekunde tano
nyota zinageuka tambi.
Kwa hiyo: sekunde mbili, funga.
Sekunde mbili, funga.
Kama mtu anayekunywa chai ya moto
na basi limeshapiga honi.

Mara mia tatu na thelathini.
Vidole vimekufa, betri inalalamika,
galaksi nzima inanitoroka pembeni, naifuata,
inanitoroka, naifuata.
Dakika kumi na moja.
Kisha mawingu yakashona palipopasuka
na tone la kwanza likanipiga sikioni.

Ndani, nikazimwaga kwenye kompyuta
kama mchele kwenye ungo.
Nikapeta.
Ishirini na mbili zilitikiswa na upepo.
Tatu zina ndege ya Dublin.
Thelathini na nne zimelambwa na ukingo wa wingu.
Moja, nitaieleza.
Zikabaki dakika tisa.

Nilipanga picha juu ya picha, nyota juu ya nyota,
na hapo nikaelewa kitu ambacho kitabu cha maelekezo hakikusema:
chenga hazina makao,
kila picha zinaruka kwingine,
lakini nuru hurudi palepale.
Palepale.
Ukiiuliza mara mia mbili na sabini
inakupa jibu lilelile, kwa sauti ndogo.

Ikatokea.
Yai lililopakwa kwa kidole,
kiini cheupe, na mstari mmoja wa giza
ambao huenda ni vumbi lake,
huenda ni hamu yangu.

Meurig wa Porthmadog, mwenye saa thelathini za kitu hichohicho,
mwenye mota, mwenye kibanda cha kufunguka paa,
aliitazama akasema, "Bado mbichi. Ongeza saa."
Ongeza saa!
Kama ongeza chumvi.
Wanaosema haba na haba hujaza kibaba
hawajawahi kukinga kibaba chini ya anga hili.

Simlaumu. Yake ni nzuri, mikono yake yote inaonekana.
Lakini nuru ile ilitembea miaka milioni mbili na nusu
na usiku ule, kwa muda ule, ilimwagika mji mzima:
kwenye paa la basi, kwenye madimbwi,
kwenye vilima vya mawe yasiyotakiwa.
Mimi nilikinga kijiko.

Ile moja sasa. Ya mia mbili na kumi na mbili.
Paka alijisugua kwenye mguu mfupi,
shingo ya stendi sikuikaza,
lenzi ikaanguka kutoka utosini mwa anga
hadi ng'ambo ya ua.
Haina nyota hata moja.
Ina dirisha la njano, ukungu mtupu,
na Idwal mlangoni na kandambili zake,
ameinama, kopo la samaki mkononi,
anaita.

Nimeikuza. Hiyo ndiyo iko ukutani.
Sekunde mbili.