Matundu ya Mkanda

Usianze na macho. Macho hulaghaiwa na rangi.
Shangazi Casilda alinifundisha kuanza na pua:
ngozi halisi hunukia gome la mwaloni, mvua ya jana,
na kwa mbali, mnyama aliyewahi kuitwa kwa jina.
Plastiki haina ukoo.

Kisha ikunje. Ikikunjamana
kama paji la mtu anayekumbuka deni, chukua.
Ikibaki nyororo, kama uongo uliokaririwa vizuri,
irudishe rafuni.
Kagua ukingo, maana fundi mvivu hujificha ukingoni,
hupaka rangi nzito juu ya karatasi alizozibandika.
Vuta uzi kwa ukucha.
Na kovu usiliogope: hapa ng'ombe alijikuna kwenye seng'enge,
pale kupe alikula akashiba.
Ukiniletea ngozi isiyo na kovu hata moja
nitakuuliza, huyu ng'ombe alifugwa kabatini?

Hayo huwaambia wageni wanaopanda hadi Ubrique
kwa basi la saa nne asubuhi.
Wanatikisa vichwa. Wananunua kwa rangi.

Jumanne, mvua ikiupiga ule mwamba juu ya mji
na wageni wakiwa hawapo,
aliingia Hortensia Pulido, mjane wa Evaristo mwoka mikate,
akauweka mkanda mezani kama mtu anayeweka samaki.
"Ufupishe. Adrián anaanza kazi benki. Kiuno chake ni cha nyigu."

Ngozi ya mgongo wa fahali. Niliijua kabla sijaigusa,
Shangazi ndiye aliyeikata, mwaka niliozaliwa.
Matundu matano ya mashine, yamepangana sawasawa.
La kwanza limetanuka, limekuwa na umbo la yai:
hiyo ni miaka ya mikate, ya mchuzi wa dengu,
ya tumbo linalotangulia kuingia mlangoni.
La pili, la tatu, hayana alama. Aliyapita haraka.
La sita limetobolewa kwa msharasi, kwa adabu.
La saba kwa msumari, limekwenda upande.
La nane si tundu. Ni mpasuo wa kisu cha jikoni,
na aliyeupasua mkono ulimtetemeka.

Sikuuliza.
Nikasema tu mambo ya kazi:
mkanda haukatwi mkiani, mama, hukatwa penye bizimu,
kwa hiyo matundu yote yatabaki.
Kijana atafungia lile la kwanza, la babu yake mnene,
na haya mengine yatakaa wazi kando ya bizimu,
kila mtu atayaona. Naweza kuyaziba
kwa vipande vya ngozi, nikayasugua, yasijulikane.

"Usizibe."

Nikakata. Nikarudisha bizimu, mishono kumi na miwili,
uzi wa kitani uliopakwa nta.
Nikampa maelezo ninayompa kila mtu:
ukilowa, uukaushe kivulini, usiusogeze karibu na jiko;
utundikwe, usiviringishwe;
usiufungie kwenye mfuko wa nailoni, nao unataka pumzi;
mafuta mara mbili kwa mwaka, kidogo,
kama chumvi, si kama ahadi,
kwa kitambaa, na kiganja kikiwa na joto.

"Najua kupaka mafuta," alisema.
"Miguu yake niliipaka miezi minne."

Kisha akabishana nami juu ya bei,
euro nane akazishusha hadi sita,
na akawa na haki, maana kazi ilikuwa ndogo.
Akauviringisha mkanda (nilichomwambia asifanye!)
akautia mfukoni mwa koti.

Mlangoni akarudi.
Kile kipande nilichokikata, urefu wa kidole,
kilikuwa bado mezani, kati ya vumbi na nyuzi,
cheusi pale kidole gumba cha Evaristo
kilipokibonyeza kila alfajiri kabla ya tanuri.
Akakiokota. Akakiweka puani.
Hakuniuliza kama ni ngozi halisi.