Kibaba Kikijaa

Aprili, Tartu. Barafu ya mto imekatika jana,
vipande vinagongana chini ya daraja la miguu.
Leelo Kangro ameingia ofisini na matope ya buti,
ndani ya sweta ya kaka yake, mikono imemzidi vidole,
na daftari jipya linalonukia duka.

Nina wiki nane za kumpa, na dawati moja
karibu na mashine ya kahawa inayokoroma.
Fedha ya chuo inatosha chumba na supu.
Jedwali nimeshalichora kwa rula:
wiki ya kwanza, soma;
ya pili, soma tena ulichodhani umekielewa;
ya tatu hadi ya sita, jaribu;
ya saba, andika; ya nane, matokeo.

Kumchagulia mwanafunzi swali la kiangazi
ni kumshonea nguo mtu ambaye hujampima.
Likibana, atalimaliza Jumanne, akae akipiga miayo.
Likipwaya, atalikanyaga pindo hadi Agosti,
na aanguke nalo mbele ya watu.

Nikamwaga njegere kavu mezani.
Nikachora miraba, mitano kwa mitano.
"Mraba ukifikisha njegere nne, hauruhusiwi kuzishika.
Moja kwa jirani wa kulia, moja wa kushoto,
moja wa juu, moja wa chini.
Jirani naye akijaa, naye agawe.
Zikivuka ukingo zinaanguka, si zetu tena."

"Wakijaa wawili kwa pamoja, nani aanze?"

Sikumjibu.
Akaanza na wa kulia, akanakili picha ya mwisho.
Akazirudisha zote, akaanza na wa kushoto.
Picha ile ile.
Akarudia tena, uso umekunjamana
kama mtu anayehesabu chenji akidhani kapunjwa.
Ile ile.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema,
kisha wananyamaza, kana kwamba kibaba kikijaa
dunia husimama.
Mimi nimeishi miaka kumi na mmoja
na kile wasichokisema.

Nikatoboa mraba wa katikati kwa ncha ya penseli.
"Sasa kuna shimo. Njegere zikidondoka
moja moja, popote, bila mpango,
ngapi zitapotelea shimoni, ngapi ukingoni?"
Nusu ya jibu ninayo.
Nusu nyingine imelala kwenye droo hii,
ukurasa wa mwisho una duara la kikombe changu.
Nimwambie? Nikimwambia, ataogopa njia niliyopotelea.
Nisipomwambia, nitakuwa nimemtuma kuchota
kwenye kisima ambacho kamba yangu haikufika.
Nikafungua droo. Akasoma amesimama.

"Wiki ya tano siwezi," akasema, bado anasoma.
"Stroberi za mama, kule Põlva, hazingoji."
Jedwali langu! Nikashika kifutio,
nikaanza kusukuma wiki moja juu ya nyingine.
"Mwalimu, si umesema mpangilio haubadilishi mwisho?"

Nilitaka kumwambia watu si njegere.
Nilitaka kumwambia kuna kiangazi ambacho
ukikianza upande usio wake hakirudi kukuaga.
Nikacheka tu. Alikuwa amenishika.

Kisha, mlangoni, kwa sauti ya chini kidogo:
"Na nisipopata kitu?"

Kwenye jedwali hapakuwa na safu ya hilo.
Nikafuta neno *matokeo*.
Pakabaki doa la kijivu, na mikono yangu miwili
isiyojua cha kuandika juu yake.
Akaichukua penseli yangu,
akaandika kwa herufi zinazolalia kushoto:
*Wiki ya nane: niulize tena.*

Jioni nimekusanya njegere kwenye kopo.
Zilikuwa sitini. Nimepata hamsini na tisa.
Nimeinama chini ya meza, chini ya hita,
nimesogeza kiti alichokalia.
Labda imevuka ukingo.
Labda imeingia kwenye mkono wa sweta,
na saa hii inavuka daraja,
haijagawanywa bado kwa jirani yeyote.