Bomba la Buluu

Ijumaa ile pale Ghala, baada ya ibada,
tulikuwa tukipakua wali kwenye sahani za karatasi,
kiyoyozi kinakohoa, watoto wako chini ya meza,
na Kageha akaipitisha simu yake mkono kwa mkono:
mabati mekundu, madirisha ya vioo, baraza ya vigae.
"Miaka sita," alisema. "Riali tisini kila mwezi.
Haya tazameni. Bwana si mwema?"

Wakasema ni mwema.
Wengine waliiangalia picha kwa muda mfupi mno,
wakairudisha, wakamwita mpenzi,
wakaomba pilipili.

Mimi nilijua. Kaka yangu ni fundi wa mawe,
kazi humpeleka mpaka Mbale.
Nyumba ile ni ya daktari wa meno.
Ya Kageha ni msingi, kozi mbili tu,
na ndani yake mtu kapanda mahindi,
yamekwisha kuvunwa mara tatu.

Nikasema. Pale pale, upawa mkononi.
Nikataja jina la daktari, nikataja rangi ya geti,
nikataja na aya, sura na mstari,
maana kweli ni kweli, nani atanishitaki?
Hakuna neno hata moja nililosema la uongo.
Ila nilipomwona akitafuta pa kuiweka sahani yake,
kitu kitamu kilinipita kooni,
kitamu, jamani,
kama halua ya kuiba.

Hakuja Ijumaa iliyofuata. Wala ile nyingine.
Tukasikia kahamia Sohar, kwa mama mwenye mapacha.
Kwenye maombi tulimtaja pamoja na wagonjwa.

Miezi tisa nilijitetea mbele za Mungu.
"Bwana, nilidanganya?"
Hakujibu. Nadhani mitego haijibu.
Kisha siku moja nikimkata kucha bibi ninayemtunza,
haoni, mkono wake kaniachia wote,
nikashangaa jinsi ninavyoweza kuwa mpole
nikilipwa.

Agosti nikapanda basi. Barka, Suwaiq,
mitende imesimama katika vumbi jeupe.
Kwapani nina unga kilo mbili.
Maneno niliyoyapanga yaliniishia njiani.

Kageha alinipokea mlango wa jikoni.
Hakunikumbatia. Aliniambia ninawe.
Nikafungua bomba la buluu, nikaruka,
maji yanaunguza kama ya chai.
"Miaka yote hii bado hujajifunza?" akasema.
"Tanki liko juu ya paa, jua linalipika.
Hita nimeizima tangu Mei,
maji ya kupoza yamo humo ndani.
Fungua jekundu."

Nikafungua. Yakaja vuguvugu, kisha baridi.
Nikasema nikiwa nimempa mgongo, maji yakimwagika:
"Sikuja kuomba radhi kwa lile neno.
Neno lilikuwa kweli.
Nimekuja kwa ajili ya utamu."

Alinyamaza mpaka sufuria ikaanza kuchemka.
"Niliuona," akasema. "Nilipokutazama uso
ndipo nilipojua si uzushi.
Mtu hafurahii uongo namna ile."

Akachota unga, akaumwaga kidogo kidogo.
"Lakini walioomba pilipili,
hao sijawapigia simu hadi leo.
Wewe ulinivua nguo mbele za watu.
Wao walijua natembea uchi,
wakaisifu kanga yangu."

Hatukuomba. Mapacha waliamka,
mmoja akatupwa mapajani mwangu,
akanikamata kidole, hakutaka kukiachia.
Kageha akausonga ugali, akauonja,
akakunja uso.
"Unga gani huu? Wa nyumbani?"
Nilitaka kusema ndiyo. Angefurahi.
"Wa duka la Ruwi," nikasema.
"Ulikuwa bei nusu. Tarehe imepita wiki mbili."

Akanitazama.
Akacheka, kidogo tu, puani,
akaongeza moto,
akatoa sahani mbili.