Kama Nafasi Ipo

Subira huvuta heri, husema wenye tiketi.
Sisi wa shirika huvuta kiti cha plastiki
karibu na mlango namba mbili, hapa Kisumu,
tukahesabu vichwa vya watu.

Mama yangu, Doruka, ametoka Chiga alfajiri.
Hii ni siku ya tatu.
Jumanne ndege ilijaa watu wa semina,
kila mmoja na mkoba wa bure begani.
Jumatano kulikuwa na harusi:
keki ilikatiwa kiti chake, ikafungwa mkanda,
mama akaitazama ikipita.

Leo amevaa kama sheria inavyotaka:
si malapa, si leso kiunoni,
viatu vyeusi vya kufunika vidole
alivyoazima kwa Roselida wa kwaya,
na kile cha kushoto kinambana.
Mengine nimemfunza njiani.
Usimwambie jirani nauli uliyolipa.
Usichague kiti.
Ukiambiwa shuka, shuka ukitabasamu.
"Kwani ni ndege," akauliza, "au ni ukweni?"

Sikumjibu. Nilikuwa kazini, skafu shingoni,
napima masanduku ya watu,
na moyoni naomba dua isiyosemeka kanisani:
Mungu wangu, mtu mmoja tu achelewe.
Asiumie.
Gurudumu tu litoboke pale Mamboleo,
au trekta la miwa lizimike mbele yake,
au asahau kitambulisho, arudi, asikione upesi.
Mgeni usije, mwenyeji apone.

Zikabaki dakika thelathini.
Kwenye skrini mstari mmoja haukuwa na alama:
Otuoma, B. Kiti 1C. Mbele ya pazia.
Siruhusiwi kumpa jamaa yangu kiti kwa mkono wangu,
kwa hiyo Wesonga ndiye aliyebonyeza.
Mashine ikatema karatasi.
Mama akaisogeza mbali na macho, akasoma.
"Moja. Ni ya kwanza au ndiyo ya mwisho?"
Kisha akaenda juu ya lami, akichechemea kidogo,
mkoba kifuani kama mtoto wa kunyonya.
Hakugeuka.
Mimi ndiye niliyemfunza asigeuke.

Otuoma aliingia mlango umekwisha fungwa,
suruali ya suti imelowa hadi magotini,
vidole vyeusi kwa grisi ya jeki.
"Pancha," akasema. "Mamboleo."
Nikashika kaunta kwa mikono miwili.

"Kiti changu bado kipo?"
"Kimekaliwa."
Hakuuliza na nani. Aliomba maji.

Ndege ikageuka upande wa Usoma,
ikanguruma, ikawatimua korongo wawili majanini.
Tukasimama kiooni bega kwa bega,
mimi nikimuaga mama,
yeye akikiaga kiti,
na hakuna aliyepunga mkono.

Haijatimia saa mbili, simu ikalia.
"Nimefika. Wamenipa kitambaa cha moto,
nikajipangusa uso, nikakikunja vizuri, nikawarudishia.
Viatu nilivivua, hakuna aliyeniona.
Juisi nilikataa, nikaogopa bei.
Lakini niambie, mwanangu,
wale walioachwa nyuma ya pazia,
wao wanafika saa ngapi?"
Nilicheka hadi Wesonga akageuka,
kisha kicheko kikanikwama.

Otuoma alikuwa bado pale,
kwenye kiti kilekile cha plastiki.
Ndege ya jioni imejaa.
Nikaandika jina lake chini ya orodha,
mahali ambapo asubuhi palikuwa pa Doruka.
"Nitapata?" akauliza.
Jibu nalijua, ni la maneno matatu,
nimempa mama siku tatu mfululizo.
Nikafungua droo,
nikamtafutia kwanza kitambaa cha kufutia grisi.