Safu ya Tatu

Mia moja na kumi na mbili.
Hizo ndizo megabaiti zilizosalia, kasema kioo,
saa tano za usiku hapa Võru, theluji imefika dirishani,
nami sijafungua kitu
ila barua moja na bei ya kuni.

Nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha maziwa miaka thelathini na mmoja.
Mwizi namjua kwa harufu ya desimali.
Kati ya elfu tatu mia nane na kumi na nne
nibakiwe na mia na ushei?
Nani kanywa?

Nikampigia Tarvo, mtoto wa dada yangu,
yeye aliyeutoa ule mfumo wa kulipia
akaniwekea huu, ambao yeyote akitaka
aweza kuusoma hadi utumbo.
Akacheka, akapiga mwayo.
"Mama mdogo, umesoma safu siyo."

Safu siyo! Mimi!
Nikachukua penseli.
Zilizotumika: elfu moja mia nne sitini na sita.
Tupu: mia moja kumi na mbili.
Akiba: elfu mbili mia mbili thelathini na sita.
Nikajumlisha kutoka juu kushuka,
kisha kutoka chini kupanda.
Zikakaa sawa. Hakuna aliyeiba hata tone.

Kosa lilikuwa la neno.
Waundaji wa mashine wana neno moja la herufi nne,
huru ni hilo, bure ni hilo, tupu ni hilo.
Mfumo wangu ni huru, niliupata bure,
nikadhani na kumbukumbu lazima iwe tupu.
Kumbe tupu ni uvivu tu,
chumba chenye moto kisicho na mtu.

Kule kiwandani, madebe yaliyokwisha kupimwa
hatukuyarudisha ghalani jioni.
Tuliyaacha karibu na mlango,
maana alfajiri yangetakiwa yale yale.
Lori likija na mzigo, unayasukuma kando, dakika mbili.
Mkaguzi kutoka mjini aliandika: jengo limejaa.
Sisi tulisema: nafasi ipo.

Ipo. Safu ya mwisho, ambayo sikuitazama,
inasema zinazopatikana
ni elfu mbili hamsini na moja.

Jana nilifungua picha ya Endel,
ile ya ufukweni mwa ziwa Tamula, kofia upande.
Diski ilikwaruza sekunde tisa.
Nikaifunga, sikuwa tayari.
Nikaifungua tena: papo hapo,
kidole hakijainuka.
Kumbe hakuwa ameondoka.
Alisimama mlangoni, kati ya madebe.

Tarvo anasema mabaya yapo.
Zikibana kweli, kiini huanza kuhamishia vitu kwenye diski,
na hapo kishale hutembea
kama mzee juu ya barafu.
Zikibana zaidi, huchagua programu iliyonenepa kuliko zote
na kuiua. Bila barua. Bila kwaheri.
Nikamwambia hilo nalijua,
nililiona mwaka wa tisini na mbili;
walianzia idara ya jibini.

"Na umeme ukikatika?"
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe chake.
"Yote hufutika, mama mdogo.
Picha iko salama kwenye diski. Lakini ile karibu,
ile ya papo hapo, hiyo hufutika.
Ni kumbukumbu, siyo daftari."

Nimeliandika hilo pembeni mwa hesabu, kwa penseli.
Saa sita sasa. Tupu: tisini na nane.
Imepungua, na sina wasiwasi,
au ninao, lakini si wa hesabu.
Nimetia ukuni mmoja zaidi jikoni.
Kitufe cha kuzima
sijakigusa.