Kasmiri

Jina la baba lilitoka kwenye kalenda.
Tarehe nne mwezi wa tatu, masika yamekolea,
padri alifungua ukurasa uliovimba unyevu
akamkuta mtakatifu wa siku.
Bibi alitaka jina la Kiha, linalojieleza lenyewe:
Ntibakunze, hawakupenda,
maana majirani hawakuipenda ile mimba.
Padri akasema, la kalenda kwanza.

Tukalitafsiri kwa masikio.
Mama alisikia *kazi*, akamkabidhi jembe.
Watoto wa Mwilamvya walisikia *kasi*:
mzee wa Foniksi isiyo na breki.

Ni hiyo Foniksi iliyomfikisha Kabanga, hospitali ya misheni,
kwa Sista Ludmila na ndoo yake ya plasta.
Akasoma kadi, miwani ikamteleza kwa kicheko.
“Jina la kwetu hili!
*Mir* ni amani, hapo hakuna ubishi.
*Kazichi*…” akasita, akaukandika mguu,
“ni kuharibu.
Ila wapo wasemao kitenzi kilikuwa kingine,
cha kutangaza. Mtangaza amani.
Miaka elfu, irabu moja tu, nani anajua?”

Baba hakucheka.
Najua alikokuwa: mwaka wa mizani,
ghala la kahawa, kila gunia likipungua kilo nne.
Wote tulijua. Wote tulisema, tutunze amani,
karani ni shemeji wa watu, ada za shule zinangoja.
Amani ikaganda
kama mawese asubuhi ya baridi Kasulu.
Baba akapitisha mkono chini ya sahani,
akachomoa kabari ya mti, ndogo kama kidole gumba,
akailaza juu ya daftari la karani.
Akarudi kwenye foleni, mahali pake.

Mwaka mzima hatukualikwa harusi.
Mbuzi alirudi bila mkia.
Chumvi ilipokwisha, mama alipika bila chumvi.
Msimu uliofuata gunia lilikuwa gunia,
na hakuna aliyekuja kusema kitu.

“Sista,” baba alisema, “andika lile la kwanza.”
“Niandike wapi?”
“Hapo hapo, kabla halijakauka.”

Wiki sita alitembea sokoni na maana yake mguuni,
herufi za buluu, MHARIBU AMANI,
magongo yakigonga, wauza dagaa wakiinama kusoma.
Mmoja, mke wa yule karani,
alisoma, akanyamaza, akamwongezea fungu.

Siku ya kuikata, msumeno ulipita katikati ya maneno.
MHARIBU baba alikiweka juu ya kabati, karibu na rozari.
AMANI mama alikitia chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Kipo bado. Kinasagika kidogo kidogo,
chai inamwagika,
na kila mwaka mmoja wetu anapiga magoti
kukisogeza.